Kabla ya Kutuma Wapelelezi

Mazungumzo ya redioni. Somo: Hesabu 13:17-20

  

Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wanaume hawapendi kulitaja, hasa mbele ya watoto wao. Ni kansa ya tezi dume. Wengi husema, "Fulani anaugua kibofu," lakini kibofu ni kitu kingine. Tezi dume ni tezi ndogo iliyo chini ya kibofu, mbele ya njia ya haja kubwa, na mfereji wa mkojo hupita katikati yake. Kila mwanamume anayo. Kwa kijana haifiki ukubwa wa ndimu. Kwa mzee hukua, na kukua huko peke yake si kansa. Lakini kansa nayo huweza kuingia humo, na hapa Kenya ndiyo kansa inayowapata wanaume wengi kuliko nyingine zote.

Hatutaeleza ugonjwa mzima. Twataka kusema juu ya vipimo na picha zake tu, kwa sababu hapo ndipo tumeona familia zikichanganyikiwa, na hapo ndipo sisi wenyewe tulikosea. Tuanze na kosa letu.

Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja wa kanisa letu, mwenye miaka 78, alianza kuumwa na mgongo na kiuno. Alidhani ni jembe. Akachuliwa kwa dawa, akanywa vidonge vya dukani, lakini mwishowe hata kulala akashindwa. Hospitali ya kwanza wakampima damu kwa kipimo kiitwacho PSA. Kikatoka zaidi ya 300. Daktari akaigusa tezi kwa kidole akaikuta ngumu kama jiwe. Picha ya eksirei ya nyonga ikaonyesha alama katika mifupa. Daktari yule, kijana mpole, akasema hakuwa na shaka tena: kansa imefika mifupani, kuimaliza hatuwezi, lakini kuituliza twaweza, na dawa yake yajulikana, tuanze.

Basi mwanawe mmoja aliyekuwa akifanya kazi mjini alikuwa amesikia habari za mashine ya PET, ambayo huonyesha kansa mwili mzima. Akasema baba hataanza dawa yoyote mpaka apigwe picha hiyo. Sisi wa kamati ya kanisa tukamuunga mkono. Tukaitisha harambee. Watu wakatoa fedha, wengine kuku na mahindi, na mama mmoja mjane akaleta trei ya mayai. Tukampeleka mzee Nairobi, akalala kwa jamaa usiku mbili, akapigwa picha. Majibu yakarudi yakisema kwamba kansa imefika mifupani.

Neno hilo tulikuwa nalo tayari, na fedha za sindano zilikuwa zimekwisha. Wiki sita zilipita tukitafuta nyingine, na wiki zile mzee alikuwa akilia usiku.

Jambo linalotuuma zaidi ni hili. Kabla ya safari mkewe alituuliza, "Watumishi wa Mungu, mashine hiyo ikishaona, itabadilisha dawa atakayopewa mzee?" Tulikuwa tukihesabu noti. Tukamjibu, "Mama, usiwe na wasiwasi, hiyo ni mashine kubwa." Hilo ndilo jibu tulilompa mama yule. Hakusoma zaidi ya darasa la nne, naye ndiye aliyeuliza swali la daktari.

Sasa tutazame somo letu. Musa alipowatuma watu kumi na wawili kwenda kuipeleleza nchi ya Kanaani, hakuwaambia tu waende wakatazame. Aliwapa maswali. Wakaangalie kama watu wa huko ni hodari au dhaifu, wachache au wengi. Kama wanakaa katika kambi au katika ngome. Kama udongo una rutuba. Kila swali lilikuwa na kazi yake, maana anayekwenda kuingia mji wenye ngome hujiandaa namna moja, na anayekwenda kwa watu wa mahema hujiandaa namna nyingine. Musa alijua jibu atalitumia wapi kabla hajamtuma mtu. Vipimo vya hospitali ni wapelelezi. Huenda vikatazama, vikarudi na habari. Mpelelezi haponyi mtu. Na mpelelezi aliyetumwa bila swali hurudi na habari ambazo haziongozi njia, naye amekula akiba ya safari.

Hapa kuna ndugu atakayesema kwamba kupimwa ni kukosa imani, naye atamtaja Mfalme Asa, aliyelaumiwa kwa kuwatafuta matabibu. Asa alilaumiwa kwa kuwa hakumtafuta Bwana. Hezekia alimlilia Bwana, akaahidiwa miaka kumi na mitano, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Hatutakaa hapo zaidi. Jambo lililo gumu kwa watu wetu leo si kukataa hospitali, bali ni kujua cha kuitaka.

Mpelelezi wa kwanza ni ile damu, PSA. Hiyo ni protini inayotengenezwa na tezi dume yenyewe, iliyo nzima na iliyougua, na kiasi chake kidogo huingia katika damu. Kwa hiyo PSA haisemi "kansa." Inasema tu kwamba kuna jambo katika tezi. Tezi iliyokua kwa uzee huipandisha. Maambukizi ya njia ya mkojo huipandisha sana. Mpira wa kutolea mkojo huipandisha, na hata kukutana na mkeo siku moja au mbili kabla ya kupimwa huweza kuipandisha kidogo. Na ziko dawa za kupunguza tezi, kama finasteride, ambazo huishusha karibu nusu, hata mtu akadanganyika kuwa yu salama. Mwambie daktari dawa zote unazokunywa, pamoja na zile za mitishamba.

Kwa miaka mingi namba 4 imetumiwa kama mpaka. Lakini katika wanaume wanne wenye PSA kati ya 4 na 10, aghalabu ni mmoja tu anayekutwa na kansa. Na utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2004 ulionyesha kwamba hata katika wale wasiozidi 4, watu kama 15 katika kila 100 walikuwa nayo, ingawa nyingi kati ya hizo zilikuwa za mwendo wa polepole. Basi mtu akiambiwa PSA yake ni 6, asiandike wosia usiku huohuo. Jambo la kwanza mara nyingi ni kutibu maambukizi kama yapo na kupima tena baada ya wiki kadhaa. Tumewaona waliorudi na 3.

Je, mtu asiye na dalili yoyote apimwe? Hapa twataka mtusikilize kwa utulivu, maana watu hutaka jibu la ndiyo au la. Huko Ulaya waliwafuata wanaume zaidi ya 160,000 kwa miaka mingi, wengine wakialikwa kupimwa PSA na wengine wasialikwe. Matokeo ya miaka 23 yalitolewa mwaka 2025. Walioalikwa walikufa kwa kansa hii kwa uchache zaidi, upungufu wa kama 13 katika kila 100. Kwa kila wanaume 456 walioalikwa, mmoja aliokolewa na kifo cha kansa hii. Na kwa kila huyo mmoja, wanaume 12 zaidi walijulikana kuwa na kansa, ambao wengi wao isingewaua. Tuseme waziwazi, kwa maana wanaume hawaambiwi: upasuaji na mionzi huweza kumwachia mtu mkojo unaovuja na kumwondolea nguvu za kiume. Ni bei kubwa kwa mtu ambaye kansa yake ingelala tu mpaka afe kwa jambo lingine.

Lakini pia tusichukue hesabu za Ulaya tukazilaza juu ya Kenya kama shuka. Huku kwetu wengi hufika hospitali wakati mifupa imekwisha kuliwa. Huko Marekani watu weusi hufa kwa kansa hii karibu mara mbili ya weupe, na mwenye baba au ndugu aliyeugua yumo hatarini zaidi. Madaktari wa Ulaya hushauri mwanamume aanze kuzungumza na daktari juu ya kipimo hiki akiwa na miaka 50, na mwenye asili ya Afrika au mwenye ugonjwa huu katika ukoo aanze akiwa na miaka 45. Sisi twaona ushauri huo ni mwema. Lakini babu wa miaka 80, mwenye moyo dhaifu na asiye na dalili ya tezi, akichukuliwa damu ya PSA katika kambi ya matibabu uwanjani kwa sababu tu kila mtu amepanga foleni, hapo twauliza: jibu litafanya kazi gani?

Tuseme sasa PSA imepimwa mara mbili na ingali juu. Zamani mtu alikwenda moja kwa moja kwenye bayopsi, yaani kuchukuliwa vipande vidogo vya nyama ya tezi kwa sindano, mara nyingi vipande 12. (Ndiyo, kumi na viwili kama wale wapelelezi. Si sisi tuliopanga hesabu hiyo.) Daktari alichoma huku na huku akibahatisha, kwa sababu altrasaundi humwonyesha tezi lakini aghalabu haimwonyeshi kansa iko wapi. Siku hizi, mahali palipo na mashine ya MRI, picha hutangulia sindano. Mashine hii hutumia sumaku kubwa, haina mionzi. Mtu hulala ndani ya kitu kama pipa refu kwa nusu saa au zaidi, na kelele zake ni kama za watu wanaogonga mabati. Mwenye kifaa cha chuma moyoni au vipande vya chuma mwilini aseme mapema.

Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2017, wa wanaume 576, ulilinganisha mambo haya mawili. Katika kila kansa kali 100, MRI ilizigundua 93. Sindano za kubahatisha zilizigundua 48. Na zaidi ya mtu mmoja katika wanne angeweza kuepuka sindano kabisa kwa kuwa picha yake ilikuwa safi. Mwaka uliofuata utafiti mwingine wa wanaume 500, uliofanywa katika nchi 11, ulionyesha kwamba sindano ikiongozwa na picha hupata kansa kali zaidi na hupata zile ndogo zisizo na madhara kwa uchache. Hapa ndipo picha inapofanya kazi ya mpelelezi wa Musa: inaamua kama tutaingia na tutaingilia wapi.

Karatasi ya MRI huandikwa namba kutoka 1 hadi 5. Moja na mbili ni dalili njema, nne na tano ni mbaya, na tatu ni ile inayowanyima usingizi madaktari na wagonjwa pamoja. Hata picha safi si kiapo. Kwa mtu ambaye baba yake aliugua, au ambaye PSA inaendelea kupanda, daktari anaweza bado kutaka sindano. Na kama sindano imekwisha kutangulia, MRI husubiri wiki kadhaa, maana damu iliyobaki ndani ya tezi huichafua picha.

Wengine mtatuuliza, "Sisi tulio mbali na MRI tufanye nini?" Kama daktari ana shaka kubwa, bayopsi ya kawaida imewasaidia watu kwa miaka mingi, msikae mwaka mzima mkingojea fedha za picha. Na kama PSA ni mamia na tezi ni ngumu, kama ya mzee wetu, MRI ya tezi haina jipya la kuongeza. Ulizeni tu sindano itapitishwa wapi. Ikipita katika njia ya haja kubwa kuna hatari ya maambukizi, na dawa za kuyazuia hutolewa. Ikipita katika ngozi iliyo nyuma ya korodani, hatari hiyo hupungua. Damu kidogo katika mkojo, au katika mbegu za kiume kwa wiki kadhaa, isiwatishe. Lakini homa na kutetemeka baada ya sindano ni jambo la kurudi hospitali siku hiyohiyo.

Vipande vile hutazamwa kwa hadubini na kupewa namba ya Gleason, iliyoitwa kwa jina la Donald Gleason, daktari wa Marekani aliyeianzisha mwaka 1966. Siku hizi huanzia 6 hadi 10. Sita ni kansa ya polepole, kumi ni kali sana. Iombeni karatasi hiyo, mkaitunze pamoja na hati ya shamba. Tumeona watu waliopigwa bayopsi mara mbili kwa sababu tu karatasi ya kwanza ilipotea ndani ya matatu.

Sasa twafika kwenye zile picha kubwa za kutafuta kama kansa imetoka nje ya tezi: picha ya mifupa, CT na PET. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na hapa ndipo upendo wa watoto huleta taabu. Mtoto aliye mjini, ambaye hajafika nyumbani tangu Krismasi, husikia baba ana kansa, akataka apigwe kila picha iliyoko duniani. Twamwelewa. Mara nyingi mashine huonekana kubwa kwa kadiri ya majuto aliyo nayo mtu.

Lakini sikilizeni. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa kansa cha Marekani kiliorodhesha mambo matano ambayo madaktari wenyewe waache kuyafanya bila sababu, na mojawapo lilikuwa kuwapiga picha za PET, CT na mifupa wanaume wenye kansa ndogo ya tezi dume isiyo na dalili ya kuenea. Yaani PSA chini ya 10, Gleason 6, na kidole hakigusi uvimbe mkubwa. Kwa watu hao kansa karibu kamwe haijafika mifupani. Na tena picha huweza kuumiza. Katika picha ya mifupa mtu hudungwa dawa yenye mionzi kidogo, akangojea saa mbili tatu, kisha mifupa hupigwa picha. Dawa ile hukusanyika mahali popote mfupa unapojijenga. Ubavu uliovunjika ulipoanguka kutoka kwenye mwembe huwaka. Goti lenye baridi yabisi huwaka. Kisha daktari hana budi kuandika kwamba kuna alama, na familia haina budi kutafuta picha nyingine ya kuthibitisha kwamba alama ile ilikuwa mwembe.

Mwenye kansa ndogo namna hiyo anao muda wa kufikiri. Uingereza waligawa wanaume 1,643 katika makundi matatu: wengine kupasuliwa, wengine kupigwa mionzi, wengine kuchunguzwa tu kwa vipimo. Baada ya miaka 15, kama ilivyotangazwa mwaka 2023, watu 97 katika kila 100 walikuwa hawajafa kwa kansa hiyo, na makundi yote matatu yalikaribiana. Waliochunguzwa tu hawakuachwa: PSA zao zilipimwa mara kwa mara, na wengi wao baadaye walitibiwa ilipobidi. Kwa Kenya jambo hilo lina sharti moja gumu. Mtu lazima arudi kupimwa. Asiyeweza kurudi, kwa nauli au kwa hofu, aseme hivyo mapema, daktari afikiri naye njia nyingine.

Mambo hubadilika kansa ikiwa kali lakini bado inaonekana kuwa ndani ya tezi. Gleason 8, au PSA zaidi ya 20. Mtu huyu anataka kujua kama apasuliwe au apigwe mionzi ili apone. Kama kansa imekwisha kutoka, upasuaji utamtesa bure. Kwake picha ina swali, na swali lina thamani. Utafiti wa Australia wa mwaka 2020, wa wanaume 302 wa namna hiyo, ulionyesha kwamba PET ya aina inayoitwa PSMA ilisema kweli katika watu 92 kwa kila 100, na CT pamoja na picha ya mifupa zilisema kweli katika 65. Hali kadhalika mtu aliyepasuliwa, kisha PSA ikaanza kupanda tena: PET yaweza kuonyesha kansa imejificha wapi. Kwa ndugu kama hao tungeitisha harambee leo, na tungetoa kwa mikono miwili. Mahali palipokosekana PET, picha ya mifupa na CT hutumika, na tusizidharau.

Mashine ile ya Nairobi, basi, haikuwa na kosa. Tuliipelekea mtu asiyeihitaji.

Kuna hali moja ambayo hatutaki mkae mkijadiliana hata kidogo. Mgonjwa wa kansa hii akianza kulegea miguu, au kufa ganzi kuanzia kiunoni, au kushindwa ghafla kuzuia haja, kansa yaweza kuwa inabana uti wa mgongo. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Hapo MRI ya mgongo ni ya haraka, kwa maana ikicheleweshwa huenda mtu asitembee tena.

Twarudi kwa fedha, kwa kuwa Injili haituzuii kuzihesabu. Bwana Yesu mwenyewe alisema habari za mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akapiga hesabu. Na Marko anaeleza juu ya yule mwanamke aliyetokwa na damu, jinsi alivyomaliza mali yake yote kwa matabibu na hali yake ikazidi kuwa mbaya. (Luka, aliyekuwa tabibu, hasemi kwa ukali huo, nasi twamwelewa.) Tangu Oktoba 2024 mamlaka ya SHA imechukua nafasi ya NHIF. Kabla ya picha yoyote nendeni katika dirisha la malipo mkaulize mambo mawili: picha hii italipiwa kiasi gani, na je, malipo hayo yatapunguza fungu la matibabu ya nyumba yetu mwaka huu? Kisha rudini kwa daktari na swali la yule mama. Picha hii ikionyesha hivi, mtafanya nini? Ikionyesha vile, mtafanya nini? Kama majibu ni mamoja, mshukuruni daktari, fedha ziendeni katika dawa. Daktari mwema hakasiriki kwa swali hilo.

Jambo moja bado hatujalisema, nalo ni la aibu kuliko yote. Katika mikutano yetu yote, na simu zote za watoto, hakuna aliyemuuliza mzee mwenyewe anataka nini. Tulizungumza juu yake akiwa ameketi hapohapo, kana kwamba ni ng'ombe anayepelekwa josho. Wale wapelelezi kumi na wawili waliona nchi moja, zabibu zilezile na majitu yaleyale, na bado hawakupatana juu ya la kufanya. Picha haiamui. Mwenye mwili ana neno lake, na neno lake latakiwa lije kwanza.

Tulipomuuliza hatimaye, alisema anataka kulala usiku, na kama Mungu akipenda, kupanda maharagwe mvua zikija. Daktari yule kijana alimweleza njia mbili. Kansa hii hulishwa na homoni ya kiume, jambo ambalo Charles Huggins wa Chicago alilionyesha mwaka 1941, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1966. Kwa hiyo mtu hudungwa sindano za kuizima homoni hiyo kila baada ya miezi kadhaa, au huondolewa korodani mara moja kwa upasuaji mdogo usio na gharama kubwa. Vijana walikataa kwa niaba yake. Yeye akacheka, akasema ana wajukuu kumi na mmoja na hazihitaji tena. Akapasuliwa. Katika muda wa wiki chache akalala usiku kucha, na mkewe akatuambia kwamba sasa yeye ndiye asiyelala, kwa kukoroma kwa mzee. Alipanda maharagwe misimu minne.

Tuombe.

Ee Bwana, Wewe uliyetuumba unaijua miili yetu bila kuipiga picha. Wakumbuke wanaume ambao wiki hii wanangojea majibu, na wake zao wanaojifanya kuwa hawaogopi. Wape madaktari wetu subira ya kueleza, nasi utupe masikio ya kusikia swali la mama aliyeketi nyuma. Uturehemu kwa zile wiki sita. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.